Lami Juu ya Kutu

Kegonga, Jumapili

Ndugu yangu Ryoba,

Mahindi tumevuna, na ng'ombe mwekundu amezaa. Salamu zimeisha, sasa nisikilize.

Ulipoturudishia pikapu ya Mama kutoka Muhuru Bay, chini ilikuwa nyeusi inang'aa. Ukasema, "Dada, nimeitibu, kutu hairudi hapa." Mama akakuchinjia kuku.

Jumamosi ya wiki juzi tukienda kanisani kusali Sabato, sakafu ya pikapu ilipasuka chini ya miguu ya Mama. Mguu mmoja ukatumbukia tukiwa mwendoni. Ameshonwa, na bado hawezi kuukanyagia.

Fundi aliigonga chesisi kwa bisibisi, lami ikabanduka na bati likaifuata kama ganda la kiazi. Kumbe mwaka mzima uliibebea pikapu hiyo samaki, mbuta wa chumvi, maji yake yakivuja chini, na hukuiosha hata kwa ndoo moja ya maji safi! Kisha ukapaka lami juu ya matope na kutu. Hukukwangua, hukungoja ikauke. Unyevu uliufungia ndani, ukala taratibu. Hata anayekandika nyumba hufagia ukuta kwanza, Ryoba!

Nilitaka uitwe mbele ya ukoo. Mama amekataa. Kila anayekuja kumjulia hali anaambiwa aliteleza kisimani, kisha anaonyeshwa pikapu pale uani: "Ryoba wangu ndiye aliyeipaka."

Lami yako imebanduka. Sasa anayekufunika ni Mama, na mguu wake umevimba.

Njoo umwangalie usoni.

Ni mimi dadako,
Ghati