Bibi Amewaka, Baba

Baba,

Amewaka. Nimeona hilo ulijue kwanza, kabla ya habari za nyumbani. Bibi amewaka, na jana nimempanda mwenyewe mpaka makaburini, mbele ya wazee wenzako wote wa pikipiki, tukaenda kulifunua jiwe la kaburi lako. Jiwe ni zuri. Mama alitaka liandikwe na Kiswahili chini ya Kizulu, baba mdogo akanuna kidogo, lakini unamjua mkeo. Limeandikwa.

Mwaka mzima sijakuandikia kwa sababu nilikuwa na hasira na wewe. Niseme tu ukweli. Uliondoka ukaniachia pikipiki isiyowaka.

Maisha yetu nayakumbuka kwa pikipiki zako. Ya kwanza siikumbuki vizuri, ile ya Kijerumani ya Morogoro, wakati ukiwa kijana mkimbizi kutoka huku Afrika Kusini, Kiswahili chako bado kinachechemea. Mama anasema ilitoa moshi mpaka majirani wakadhani mnachoma mkaa. Ulimpakia siku mliyokwenda kujitambulisha kwa babu, akafika kwao amejaa masizi usoni. Anasema hajakusamehe mpaka leo, na anacheka.

Ya pili ndiyo yangu: Kadogo, ile nyekundu ya Kijapani uliyoinunua tulipohamia Johannesburg. Ulinipeleka nayo shule nikiwa sijui hata neno moja la Kizulu. Helmeti ilikuwa kubwa, ukaweka kitambaa cha Mama ndani ili isicheze. Kila tulipokuta robot, taa za barabarani, imewaka nyekundu ulinyoosha mkono nyuma ukanigusa goti, kuhakikisha bado nipo. Watoto walinicheka lafudhi, lakini hakuna mwingine aliyeletwa shule kama mimi. Sikuwahi kukushukuru kwa kunigusa lile goti. Asante, Baba.

Kadogo akaibwa mbele ya spaza, kile kiduka cha mtaani, umeingia kununua mkate tu. Siku mbili hukula.

Kisha akaja Bibi. Alikuja ndani ya maboksi matatu ya ndizi, Mwingereza aliyezaliwa kabla yako, na Mama akauliza pikipiki yenyewe iko wapi. Tulimuunga kwa majira mawili ya baridi, mimi nikiosha nati kwa petroli mpaka vidole vinapasuka, wewe ukinifundisha kuisikiliza injini kabla ya kushika spana. Alipoanza kuvuja oili ulichukua sinia la pilau la Mama ukalitega chini yake. Hilo nalo Mama hajalisamehe, na kwa hili hacheki.

Ukasema Bibi haibiki. Hukusema kwa nini.

Na wewe ndiye uliyeanzisha ile desturi. Bibi ni mkubwa wetu, ulisema, hapandwi bila salamu. Kila asubuhi uliinama pembeni yake, mkono wa kushoto ukiupitisha chini ya kiti, ukasema, "Shikamoo, Bibi." Halafu ukajiitikia mwenyewe kwa sauti nyembamba, "Marahaba." Ndipo unapiga kiki. Nikiwa mdogo niliona ni mchezo. Nilipokua nikaona ni uzee. Mimi nilimsalimu kwa mdomo tu, nimesimama, maana wewe umeshaniwashia. Siku zote uliniwashia.

Ulipopata kiharusi ulimi ukafungwa. Pale hospitali mkono wako wa kushoto ulikuwa ukishuka pembeni ya kitanda, vidole vikitafuta kitu chini ya godoro. Ulikuwa ukinitazama mimi. Mama alidhani unataka ndara zako. Mimi nikaurudisha mkono kitandani, nikaufunika blanketi, sijui mara ngapi, nikakwambia tulia, Baba.

Sasa, wiki iliyopita, Bibi bado kimya na Jumamosi ya jiwe inakuja. Baba mdogo akasema, "Eish, tumpakie nyuma ya bakkie, hii pikapu yangu, nani atajua?" Mimi ningejua. Wewe ulimsukuma Bibi kwa miguu kutoka mtaa wa La Rochelle, upande wa pili wa jiji, mpaka nyumbani Soweto, nusu siku nzima, kwa sababu pikipiki yako haipandi gari. Nikamwita Papa Kabongo, yule fundi Mkongo uliyemheshimu. Alifungua kabureta, akabadilisha plagi, akapiga kiki mpaka jasho likamtoka. "Maman, moto haiko," akasema. "Tutoe waya zote, tuanze mupya." Zile waya ulizozifunga wewe kwa utepe mweusi, moja moja. Nikamwomba anipe siku moja tu.

Alhamisi nilitoka kazini, bado nasambaza dawa kwa pikipiki, nikaingia gereji nimekata tamaa. Sikwenda kutengeneza chochote. Nilikwenda kumuaga kabla hajafumuliwa. Kwa hiyo nikamsalimu kama ulivyomsalimu wewe, nikainama kabisa, mkono wa kushoto chini ya kiti. Vidole vikagusa kitu kidogo cha chuma.

Swichi, Baba! Swichi ya siri ya kukata moto, ya kuwakomesha wezi, na miaka yote hiyo unatuambia ni adabu! Nikaibonyeza. Kiki ya kwanza, kimya. Ya pili, Bibi akanguruma mpaka madirisha yakatetemeka, Mama akatoka jikoni mbio na mwiko mkononi.

Nilikaa sakafuni nikalia. Hukuwa unatafuta ndara. Ulikuwa unanipa Bibi, na mimi ninaufunika mkono. Nisamehe. Ile hasira sijui hata imekwenda wapi, nimebaki na shukrani tu: kwa goti, kwa nati, kwa kazi inayonilisha, na kwa kuwa hata ulimi ulipokukatalia hukuacha kunifundisha.

Papa Kabongo ananiuliza nilifanyaje. Nimemwambia nilisalimia tu. Ameguna.

Nakuahidi waya zako hazitaguswa na Bibi hatapanda gari. Na siri haitaishia kwangu. Leo asubuhi nimemwonyesha Mama, ili asiondoke tena mtu na jambo mkononi. Amekataa katakata kumwamkia, anasema hawezi kumpa shikamoo mke mwenzake. Lakini ameinama, na ameibonyeza.

Jana watu walipoanza kutawanyika nilibaki kidogo. Bibi nilikuwa nimemwacha akinguruma pale njiani, sikuthubutu kumzima. Nikainama vizuri, nikapitisha mkono wa kushoto chini ya ukingo wa jiwe lako, nikasema shikamoo. Nikasubiri. Kisha nikajiitikia mwenyewe, kwa ile sauti yako nyembamba.

Marahaba, Baba. Pumzika.

Mwanao,
Neema