Mafua ya Mwanao

Mdogo wangu mpenzi,

Huku tunapumua, ila paa la ofisi ya kanisa linavuja hadi ndoo zimeniishia. Mwanao ninayekulelea anarefuka kama anavutwa. Sketi ya shule imeshapanda juu ya magoti. Juzi kwenye simu uliuliza mbona ameacha kwaya ya watoto, nikakujibu ana mafua.

Hana mafua.

Mwalimu mpya wa kwaya alipojaza fomu ya kujitolea, aliandika kanisa alikotoka na namba ya simu ya huko. Kazi yangu mimi katibu ni kupiga, kuuliza, ndipo nigonge muhuri wa "Amehakikiwa". Mchungaji akacheka: "Mama, mtu anaomba hadi waumini wanalia, unamchunguza nini?" Nikaona haya. Nikagonga muhuri bila kupiga.

Wiki iliyopita moyo ulinisuta, nikapiga. Katibu mwenzangu wa kule aliposikia jina lake, akauliza jambo moja tu: "Mmeshampa ufunguo wa chumba cha watoto?" Akakata simu.

Nilikuwa nimempa kwa mkono wangu.

Nilimweleza mchungaji, akaniambia nisichafue jina la mtu. Basi nikamtoa mwanao, nikafunga mdomo. Wenzake kumi na wanane bado wanakwenda, kwa muhuri wangu.

Nakuandikia wakiwa mazoezini, chumba cha pili. Wimbo umekatika katikati, na saa ya kumaliza bado. Nimesikia ufunguo ukizungushwa.

Naiacha barua hapa. Naenda kuugonga mlango ule.

Dada yako