Waliochaguliwa na Tai

Jumatatu, 14 Oktoba

Leo mapumziko, hakuna darasa. Nimelala mpaka jua limepanda. Kuamka tu, imeili: "Hongera, Renelle. Umechaguliwa." Juu kuna muhuri wa dhahabu, tai kakunjua mabawa, na jina refu la Kilatini ambalo hata kulitamka siwezi. Chama cha heshima cha wanafunzi bora wa taifa zima. Wanasema alama zangu za mwaka wa kwanza zimewavutia. Zimewavutia! Mimi, binti wa dereva wa lori la magogo.

Nimeisoma nimesimama. Nimeisoma tena nikipiga mswaki. Kujiunga ni dola tisini na tano, unalipa mara moja, unakuwa mwanachama maisha yako yote.

Nikampigia mama kabla sijafikiri. Akapiga yowe. Kwa nyuma nikamsikia Bibi akiuliza kwa Kifaransa nani kafa.

Jumanne, 15 Oktoba

Baba amenipigia simu.

Niandike tena: baba amenipigia simu. Mwenyewe. Tangu Agosti, akiipokea simu yangu husema "ngoja mama yako", anaiweka mezani, nasikia buti zake zikitoka nje. Alikuwa amenitafutia kazi ofisini kiwandani, kule wanakokata viazi. Nikasema narudi chuoni. Akasema hisabati ya kuhesabu magogo ninayo tayari, hiyo nyingine ya nini. Nikamjibu vibaya. Siku ya kuondoka hakutoka kuniaga.

Leo kauliza tumechaguliwa wangapi. Nikamsomea: "wachache wenye sifa za pekee". Kisha akasema ameshawaambia wenzake gereji kwa Normand, pale wanapokunywa kahawa kabla ya kuingia msituni. Normand ambaye mwanawe ni ofisa wa jeshi la majini, na bonde letu zima huko kaskazini halijaruhusiwa kusahau.

"Leo Normand ndiye aliyenyamaza," kasema baba.

Tumeongea mpaka chai yangu ikapoa. Magogo, mgongo wake, baridi iliyowahi. Nimebaki kwenye ngazi za bweni natabasamu kama mjinga.

Ijumaa, 18 Oktoba

Brielle, mwenzangu wa chumba. Msichana mwema, lakini kitabu na yeye ni mbali mbali. Kemia imemshinda mara mbili, na juzi ameitwa ofisini kuambiwa yuko chini ya uangalizi, alama zisipopanda anaondolewa chuoni. Leo kaketi mbele ya kompyuta anacheka hadi kiti kinatikisika. "Renelle, njoo uone. Nimekuwa mwanafunzi bora wa taifa."

Tai yule yule. Muhuri ule ule. Hata lile neno — zimetuvutia. Alama zake!

Akauliza mbona sicheki. Nikasema tumbo linaniuma. Halikuwa linauma.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimetafuta mtandaoni tangu watu waende kanisani. Wengine wanasifu. Kuna dada mmoja kaandika kwamba alipata ufadhili wa masomo kupitia chama hicho, na sina sababu ya kutomwamini. Wengine wanasema walilipa, wakapata karatasi, halafu barua juu ya barua: nunua fremu, nunua beji, nunua kamba za dhahabu za kuvaa siku ya mahafali. Nimeuliza bweni zima. Hakuna anayejua chama kinakutana wapi hapa chuoni. Nadhani hakikutani.

Mama kapiga. Baba anataka kujua tarehe ya sherehe. Bibi ameshapunguza gauni lake la bluu alivae siku hiyo.

Sherehe haipo. Nikasema hawajatangaza bado.

Kwa nini nisilipe tu? Nimeliandika swali hilo, nalitazama. Pesa ninayo, ya kazi ya kafeteria. Nalipa, cheti kinakuja, baba anakitundika juu ya televisheni, tunaendelea kuongea. Nani kaumia? Lakini kila atakapokitazama, mimi nitakuwa najua. Na siku atakapojua yeye?

Jumatano, 23 Oktoba

Nimekwenda kwa Profesa Whitcomb, anayetufundisha hisabati. Kisingizio kilikuwa zoezi la nne. Zoezi likaisha, nikabaki nimekaa. Akavua miwani akangoja. Ikabidi niseme.

Hakunicheka. Nilikuwa nimejiandaa kuchekwa, nikajikuta sina pa kupeleka mikono. Akauliza kama kuna mtu yeyote katika chama hicho amewahi kuona kazi yangu. Hakuna. Akasema ada peke yake siyo dhambi, hata vyama vya zamani vyenye sifa vinalipisha. Kisha akasema hivi:

"Jiulize, ukishaingia ndani utakuta watu au utakuta duka?"

Nikamuuliza, cha watu kipo? Kipo. Cha idara yetu wenyewe. Wanakutana Alhamisi chumba cha chini, wanafundisha watoto wa sekondari ya mjini bila malipo, halafu wanabishana juu ya mafumbo mpaka mlinzi aje kuzima taa. Huombi kuingia. Walimu ndio wanaokupendekeza.

"Lakini sikupendekezi," kasema. "Bado. Mtihani wako uliopita unaujua mwenyewe."

Naujua, sehemu nzima ilinishinda. Anataka aone nitakavyomaliza muhula.

Cha ajabu, nimetoka mle mwepesi. Nimevuka uwanja wote natembea kama nimetua mzigo. Nimekataliwa na mtu aliyeisoma kazi yangu mstari kwa mstari, akaona nilipoteleza, akaniambia nilipoteleza. Bora huyo kuliko tai.

Jumapili, 27 Oktoba

Imeili nyingine. "Nafasi yako ya mwisho." Ya Ijumaa pia ilikuwa nafasi ya mwisho.

Brielle nimemweleza yote, pamoja na habari za baba. Nilidhani atacheka. Akakaa kitandani akivuta uzi wa soksi. Akasema kama baba yake angempigia simu kwa sababu ya kitu chochote kile, yeye angelipa hata mara mbili. Halafu akasema, "Ila kemia wasiniulize," na hapo ndipo tukacheka sote.

Jioni mama kapiga, anaongea kwa kunong'ona. Baba anakuja Jumamosi ya tarehe tisa. Anataka kunilipia kwa mkono wake mwenyewe. Nisimwambie kwamba nimeambiwa.

Baba hajawahi kukanyaga hapa. Mwaka jana alinileta mjomba.

Alhamisi, 7 Novemba

Siandiki kwa sababu nikiandika nitaanza kufikiri. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. "Baba, kuna jambo." "Baba, usikasirike." Brielle anasema nina uso wa mtu anayekwenda kutangaza mimba.

Jumamosi, 9 Novemba

Amekuja.

Amevaa shati la misa. Nywele kazilaza kwa maji. Kashuka kwenye pikapu kwa ile namna yake, mguu kwanza halafu mgongo baadaye, na mkononi taulo limefungwa: ploi za Bibi, vile vichapati vyake vya unga mweusi, bado vina vuguvugu la hita ya gari. Asubuhi nzima barabarani kaviweka miguuni penye joto. Akanipa mkono. Baba yangu akanipa mkono kama mtu anayemsalimia meneja wa benki!

Tukaenda mgahawa wa karibu na daraja. Akaagiza mayai, akamwomba mhudumu ruhusa ya kula ploi zake mwenyewe. Kisha akatoa bahasha akaiweka katikati ya sahani.

"Hiyo ya chama. Na ya fremu. Mama yako kasema kuna fremu."

Maneno yote ya kiooni yalinipotea. Nikasema tu.

"Baba, wanamchagua kila mtu."

"Kila mtu nani?"

"Brielle anafeli kemia, wamemchagua. Wewe ukiwaandikia leo ujiite mwanafunzi, watakuchagua. Hakuna sherehe. Hakuna chochote. Ni karatasi wanauza."

Akazungusha kikombe. Akatazama mto. Niliona shingo yake inaiva wekundu kutoka kwenye kola kupanda juu, nikajua anamwona Normand na kahawa yake. Nilitaka kuyameza niliyosema. Nilitaka kulipa, nilipe mimi, nilipe mara kumi.

Ndipo akauliza, kwa sauti ya chini, kama zile alama nazo ni za uongo.

Nikasema hapana. Alama ni zangu. Isipokuwa mtihani mmoja wa hivi karibuni, huo ulinishinda.

"Basi," kasema.

"Basi nini?"

"Basi kula mayai, yanapoa."

Tukala. Ghafla mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani mgongo. Kumbe anacheka. Akasema, mama yako yumo kitabuni. Kitabu gani? Kile kinene cha bluu. Mama alipokuwa sekondari aliandikiwa kwamba naye ni miongoni mwa wanafunzi bora wa Marekani, jina lake litachapwa, familia inunue nakala. Babu, ambaye kusoma hakujua, akanunua mbili. Jina la mama limo, herufi ndogo kama punje za mchele, kati ya maelfu. Na kitabu kiko wapi? Ninakijua! Nimekiona maisha yangu yote bila kukifungua. Kinakandamiza kifuniko cha pipa la kabichi ya chumvi.

"Kizito sana," kasema baba, anajifuta macho kwa kitambaa cha karatasi. "Pesa ya babu yako haikupotea."

Nikauliza, na Normand?

Akapaka siagi kwenye ploi, akaikunja, bila haraka.

"Nitamwambia umewakataa. Walikutaka, ukawakataa. Hilo mwanawe hajawahi kulifanya."

Nilifikiri yameisha. Nilikuwa nimeshaanza kupumua. Ndipo akasema, macho kwenye sahani:

"Nilikuwa natafuta sababu ya kukupigia. Tangu Agosti. Ungekuwa umeshinda kuku kwenye bahati nasibu ya kanisa, ningepiga."

Nikamwekea ploi ya mwisho kwenye sahani yake. Akaikata katikati, akanirudishia nusu.

Bahasha kairudisha mfukoni, halafu akaitoa tena, akalipia mayai.

Theluji imeanza. Barabara ya kaskazini haifai kwa leo, amechukua chumba kwenye nyumba ya wageni nyuma ya kituo cha mafuta. Nimefuta imeili za tai zote. Nimelala kitandani na viatu. Sijui mara ya mwisho nilipojisikia hivi ilikuwa lini. Kama jino lililokuwa linauma limetoka, na ulimi bado unakwenda kupapasa pale.

Jumapili, 10 Novemba

Wanasema barabara itafunguliwa baada ya misa. Baba alikuja bwenini mapema, akasema anataka kuona "huko kwenye hisabati". Nimemleta. Jengo liko wazi, hakuna mtu. Naandika haya kwenye benchi la nyuma huku yeye akizunguka, kofia mkononi kama yuko kanisani, anasoma majina kwenye milango.

Nimemweleza habari za chama cha Alhamisi. Na kwamba Whitcomb amekataa kunipendekeza. Nilikuwa na wasiwasi itamwuma. Akauliza mtu huyo ni nani.

Anayesahihisha kazi yangu.

"Kwa hiyo kazi yako anaijua."

"Anaijua."

"Na kasema bado."

"Kasema bado."

Akatikisa kichwa taratibu, kama anayekubali. Sura ile anayokuwa nayo akimsikiliza fundi mzuri akimwambia injini ina kasoro. Halafu akauliza: na muhula ukiisha, akisema bado tena?

Sijui. Nimemwambia sijui. Mtihani ni Desemba, na sehemu ile ile iliyonishinda ndiyo itakayotoka, wote tunajua. Inawezekana nikafeli. Inawezekana Alhamisi zote nikawa napita nje ya kile chumba nikisikia watu wanabishana. Ni kweli kabisa, na nimekisema hicho kitu mbele ya baba yangu, na dari haijaanguka.

Sasa kasimama mbele ya ubao. Kuna mtu ameacha hesabu nusu tangu Ijumaa. Anaikagua. Ameuliza hiyo alama ndefu iliyopinda kama ndoana ni ya nini.

Nimesema ni hadithi ndefu.

Katazama dirishani. Theluji bado inaanguka, gari la kuisafisha halijapita. Kavuta kiti, kakaa kwa ule uangalifu wa mgongo, kofia kaiweka gotini.

"Barabara imefungwa," kasema. "Anza mwanzo."

Naweka kalamu chini. Chaki iko wapi —