Sauti ya Baraka Kwenye Filamu ya Kijapani

Ansab, Maskati

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimeacha kubana? Ile dawa ya kupaka unaitumia, au umeigawa tena kwa majirani? Mimi ni mzima, joto tu linatuchosha. Mchana maji ya bomba hayaogeki.

Mama, dada ameniambia Mjomba Zuberi anataka kufuta filamu zote kwenye kompyuta ya marehemu Baraka, aonyeshee mpira kwenye banda la video. Na wewe umesema afute tu, hutaki kusikia sauti ya mwanao ikitoka kwenye mashine. Nakuelewa. Mimi hata kumzika sikufika. Lakini ngoja nikusimulie ya Ijumaa.

Baada ya chakula, Salma, mjukuu wa bibi ninayemhudumia, aliweka filamu ya Kijapani sebuleni. Nilipomwona fundi wa lifti akiota skrubu vidoleni, nikaijua palepale. Ni ile ambayo Baraka aliitafsiri kwa sauti yake, watu wakajaa bandani mpaka nje. Kifua kinafunguka kama boneti, nyaya zinatoka mdomoni, ngozi inageuka bati. Bibi akajifunika uso kwa mtandio.

"Astaghfirullah! Nnamwonea huruma huyu. Anasema nini?"

Salma akaanza kumfasiria maandishi ya Kiingereza yaliyo chini ya picha, Bibi akachoka. "Neema, hebu tufasirie wewe."

Kijapani sikijui, Mama. Hata Baraka hakukijua. Nikafuata alivyofanya yeye: fundi kadhulumiwa na tajiri mwenye jengo, na kila akiguna anamtukania ukoo mzima. Bibi akacheka mpaka akashika ubavu.

"Bibi, sivyo wanavyosema!" Salma akalalamika.

"Mwache! Yako haina kichwa wala miguu."

Kisha fundi akawa chuma kitupu, limebaki jicho moja tu la nyama, amesimama barabarani anatazama dirisha la kwao. Pale Wajapani hawasemi kitu. Nikakimbilia jikoni. Bibi alinifuata na mkongojo wake, akanishika bega.

Wewe hukuwahi kuingia bandani, ulisema moshi wa sigara unakuziba pumzi. Kwa hiyo hujui kwamba pale penye kimya Baraka aliweka maneno yake mwenyewe. Vijana walikuwa wanamzomea, "DJ anamwogopa mama yake!" Naye anacheka, hayaondoi.

Nakuomba, mwambie Mjomba asiifute. Si lazima usikilize sasa, hata mwakani.

Nisalimie dada na wanawe, na mama mdogo anayekuchotea maji. Mjomba naye msalimie, usimgombeze, hakujua.

Siku ukiwa tayari, dada akuwekee. Macho ukitaka fumba, filamu yenyewe inatisha. Ukisikia kelele za vyuma zimenyamaza, ndipo pale. Utamsikia akisema, kwa sauti yake ile ya nyumbani: "Mama, leo nimechelewa kazini. Wewe kula tu, usiningoje."

Mwanao,
Neema