Mpira Wangu, Mpira Yangu

Njoroge, kaka yangu,

Nakuandikia nikiwa nyuma ya kaunta. Tajiri mwenye duka amekwenda kula, mlango nimeurudisha, na River Road yote iko nje ikigombana na mikokoteni. Vidole viwili vya mkono wa kulia vimefungwa bendeji, kwa hivyo hati itakuwa mbovu, nisamehe. Jana tulicheza mechi ya mwisho ya msimu. Sare ilitutosha kubaki daraja, tukifungwa tunashuka. Hiyo timu uliichezea tangu kabla ya bendera kubadilishwa, na jana ndiyo mara ya kwanza mimi kusimama golini bila mgongo wako mbele yangu. Nimhadithie nani mwingine?

Kwanza nikupe habari za nyumbani. Shemeji hajambo, amerudi sokoni, na anakataa kabisa kuonewa huruma. Pale kiwandani kwenu wamemweka mtu mwingine kwenye mashine yako ya kuchapa, na watu wanasema kadi za harusi siku hizi zinatoka zimepinda. Siku ya mazishi yako timu ndiyo iliyobeba jeneza. Mimi nilikuwa mbele, na kwetu Mombasa maiti hubebwa kwa haraka, watu wakipokezana kutia bega. Basi nikachapuka. Wenzangu nyuma wanavutwa, mchungaji anabaki mbali na kitabu chake, mpaka shemeji akaniita, "Swaleh, polepole, haendi mahali." Nilitahayari. Lakini nilisema moyoni kwamba wewe ungecheka hadi ushike mbavu.

Watu wanaulizana kwa nini ulikaa timu moja miaka yote hiyo. Walikuja wenye timu za makampuni makubwa na ahadi za kazi na nyumba, ukawashukuru vizuri na kurudi kwenye kiwanja chetu cha Kilimani, kile chenye mteremko, ambapo mvua ikinyesha goli la chini linakuwa shamba la mpunga. Pua ilivunjwa mara mbili. Goti likavimba kila Jumatatu. Makocha walikuja na kuondoka, kila mmoja akisema anataka damu changa, na kila mmoja baada ya mechi tatu akaja kukugongea mlango. Hukuwa na mbio. Tuseme kweli, hukuwahi kuwa na mbio hata ulipokuwa kijana. Lakini fowadi alikuwa akikimbia kwa nguvu zake zote, na akifika anakuta umeshafika, umesimama, mikono kiunoni, kama mtu anayengoja chai. Mimi nilikuwa nyuma yako na nilikuona vizuri kuliko mtu yeyote, na mpaka leo sijui ulikuwa ukifanyaje.

Unakumbuka mechi yangu ya kwanza? Nimetoka pwani juzi tu, na mama yangu amenilea kwamba mkubwa haamrishwi. Krosi ikaja. Nikaona nitaiwahi, nikakuita, "Kaka Njoroge, tafadhali niachie mimi huo." Nilipofika kwenye tafadhali mpira ulikuwa wavuni. Ulinitazama mpaka nikataka ardhi inimeze. Kisha ukasema, "Wewe mtu ya Mombasa, mpira haingoji salamu. Sema yangu, basi."

Nami badala ya kushukuru nikakukosoa. Nikakwambia mpira ni wangu, mpira si yangu, hata mtoto wa chuo cha Kurani anajua. Ukaniuliza kama refa atapuliza filimbi kwa sababu ya ngeli. Tulibishana hivyo msimu mzima, kwenye basi, kwenye mazoezi, hata kule hotelini kwa chai na mandazi. Wewe "yangu", mimi "wangu", na wachezaji wengine wakachoka na sisi wote wawili.

Mpaka siku ile ya kona, tukiwa tunaongoza kwa bao moja. Watu wamejaa mbele ya goli, wetu na wao, na wote wanapiga kelele yangu, yangu, yangu, hujui nani ni nani. Mimi nikaruka nikaita "Wangu!" Ukainamisha kichwa chako pale pale, ukauacha mpira upite juu yako, utue mikononi mwangu. Tulipokuwa tunavua viatu ulikaa karibu nami na kusema kwa sauti ya chini, "Hiyo wangu yako, usibadilishe. Nairobi mzima wanasema yangu. Nikisikia wangu, najua ni wewe." Tangu siku hiyo sarufi ya mama yangu ikawa ishara yetu. Hukuwahi kuikosea hata mara moja. Mimi niliwahi kuita na kuukosa mpira, na wewe uliwahi kubeba lawama, lakini kuinama uliinama kila nilipoita. Sijawahi kuaminiwa hivyo na mtu.

Na Ramadhani, kaka, mimi nikiwa nimefunga. Mapumziko yakifika wenzetu wanagawana chupa ya maji, wewe unasema unakwenda kukojoa nyuma ya michongoma. Miaka yote hiyo ulidhani sioni midomo yako imelowa ukirudi. Niliona. Nilinyamaza kwa sababu nilipenda uendelee kunifichia.

Ulipofariki niliwaambia wenye timu nimeacha. Walikuja dukani, nikawauzia misumari na kuwasindikiza hadi mlangoni. Umri umekwenda, nikawaambia, lakini haikuwa umri. Niliona haiwezekani. Nitaita, na nani atainama? Wakacheza bila mimi, wakafungwa, wakafungwa tena, hadi ikabaki mechi moja. Shemeji ndiye aliyekuja mwisho, ameshika sokisi zako zimefuliwa na kukunjwa, akaziweka juu ya kaunta. Akasema, "Njoroge hakucheza miaka yote hiyo ili timu ishuke ukiwa umekaa hapa." Nikazichukua.

Kwenye nafasi yako yuko Ochieng, mwalimu wa shule kule Kileleshwa, mrefu, mtulivu, anafunga kamba za viatu kama anayefunga zawadi. Tulitangulia kufunga bao. Kabla ya mapumziko ikaja krosi ya juu, nikatoka, nikaita "Wangu!" kwa mazoea. Ochieng akasimama, akageuka kunitazama, kisha akaruka naye. Tukagongana, vidole vyangu vikapinda, mpira ukaingia. Tukawa sare, moja kwa moja. Nilipokuwa nikifungwa bendeji akaniambia kwa heshima zake zote, "Kaka, wangu ni nani? Mimi nilidhani unanibembeleza." Wenzetu wakacheka. Mimi nilitaka kuvua jezi niende nyumbani. Nilimkasirikia, Njoroge, na hana kosa, kosa lake ni kwamba si wewe.

Kipindi cha pili wakatubana mpaka mwisho. Refa ameshatazama saa yake. Ikaja kona, ile ya upande wa mteremko, na watu wote wakaja golini kwetu, na kelele zile zile. Nikatoka. Nikafungua kinywa, na nikaita, "Yangu! Yangu, Ochieng! Yangu!" Akainama. Nikaudaka kwa mkono mmoja na nusu, nikauangukia kwenye matope, na filimbi ikalia nikiwa bado nimeukumbatia.

Walimbeba Ochieng juu mabegani. Mimi nilikaa chini penye mlingoti wa goli nikalia mbele za watu, na wote wakadhani ni furaha ya kubaki daraja. Wewe nikwambie ukweli. Kuna sehemu ya moyo wangu iliyotaka tushindwe. Nilitaka ijulikane Nairobi yote kwamba bila wewe haiwezekani. Imewezekana, kaka. Hilo ndilo lililoniuma, kuliko vidole, kuliko hata siku tuliyokuzika. Kwenda nyumbani nilitembea kwa miguu kutoka Kilimani mpaka mjini, na ndipo nikaona kwamba kama timu uliyoijenga ingekufa nawe, basi miaka yako yote ungekuwa umeitumia bure. Hukuitumia bure. Tumebaki.

Sasa tajiri anarudi, namwona akivuka barabara. Nakuahidi hili: msimu ujao nitasimama golini, na Ochieng nitamfundisha kila nilichokiona nikiwa nyuma yako, hata yale nisiyoyaelewa. Nitamwita kwa neno analolijua. Lile letu nimekuachia wewe, sitaliita tena kwenye kiwanja chochote.

Nenda, Njoroge, kwa ule mwendo wako usio na haraka. Huna haja ya kugeuka kutazama goli. Nyuma yako nipo mimi.

Swaleh