Dada Moraa, Kuhusu Jaribio Uliloliruka

Dada Moraa,

Nakuandikia kwenye meza yako, ile ya dirisha linalotazama zizi, kwa sababu hapa nyumbani hakuna pengine pa kukaa na kompyuta bila mtu kukuuliza unafanya nini. Ni Jumapili mchana. Mvua imenyesha tangu asubuhi na Mama amejilaza kidogo. Sijawahi kukuandikia tangu tukuzike. Leo kuna jambo ambalo lazima nimwambie Mama, na nimeona kwanza nikuambie wewe.

Niko hapa Nyansiongo miezi saba sasa. Nilikuja kwa matanga, nikasema nitakaa wiki moja nimsaidie Mama, na hiyo wiki haijaisha. Vidole vyake havikunjiki tena vizuri, hawezi kukama ng'ombe. Nyakundi, kaka yetu, yuko Mombasa, na kila Jumapili jioni anapiga simu kuniambia nimefanya vyema kubaki. Duka la simu mjini Kisii nilikokuwa nafanya kazi lilishaajiri mtu mwingine. Naamka, nakama, napeleka maziwa, nachuma majani chai, nakama tena. Silalamikii kazi. Lakini kuna siku natoka mpaka langoni, nasimama, naangalia barabara, halafu narudi ndani kwa sababu sijui ningemwambia nani kwamba naenda wapi.

Na kuna programu yako. Siku ya mazishi kila aliyesimama aliitaja: jinsi ulivyokuwa karani wa rekodi tu hospitalini, ukaona wauguzi wa zahanati ndogo wanavyohangaika kupima dawa za watoto kulingana na uzito, ukajifundisha mwenyewe, ukaandika programu ya simu inayowapigia hiyo hesabu, kisha ukaiweka wazi mtandaoni ili yeyote aichukue bure na airekebishe akiweza. Baada ya kaburi kufunikwa watu walinishika mkono mmoja mmoja. "Sasa wewe ndiye Moraa," waliniambia. Nilitamani kukimbia. Ulinifundisha Jumapili kadhaa kwako Kiogoro, chai ikipoa pembeni, ukaniandika kwenye orodha ya wenye ruhusa ya kuibadilisha. Tulikuwa wawili kwenye orodha hiyo. Nimebaki peke yangu.

Sheria yako naijua. Hakuna kugusa hata mstari mmoja kabla majaribio yote hayajapita kwenye kompyuta yako mwenyewe. Yale majaribio ulinieleza kama mtihani wa darasani: unaiuliza programu, mtoto wa kilo kumi apewe kiasi gani, na inapokosea inakuambia papo hapo. "Dawa si kitu cha kubahatisha, Kwamboka." Nakusikia ukisema hivyo hata nikiwa shambani.

Basi nikajaribu kuandaa kompyuta yangu iweze kuyaendesha. Laptop yako imefungwa kwa neno la siri ambalo hukumwachia mtu. Nimejaribu majina ya ng'ombe wote tuliowahi kufuga. Nikabaki na ule mwongozo uliouweka mtandaoni, ambamo uliandika, "Ni rahisi, amri tatu tu." Dada, amri ya kwanza peke yake ilinila wiki mbili. Programu yako inataka matoleo ya zamani ya programu nyingine, na kompyuta yangu ina mapya. Nikiweka toleo la zamani, kitu kingine kinagoma. Nikirudisha jipya, cha kwanza kinagoma. Bando linaisha katikati ya kupakua, stima inapotea, naanza upya. Nilikuwa kama ndama aliyepitisha kichwa kwenye ua: mbele mwili haupiti, nyuma masikio yanakwama. Na kila mara Mama ananiita, ng'ombe wananingoja.

Hatimaye nikapata njia ya kuitengea programu yako chumba chake ndani ya kompyuta, pamoja na vitu vyake vyote vya zamani, bila kugusa vyangu. Majaribio yakaanza, nikasimama kwa furaha. Halafu yakasimama. Yalikuwa yanatafuta faili ya watoto wa mfano, uzito wao na dozi zao. Faili hiyo hukuiweka mtandaoni, kwa kuwa uliitoa kwenye rekodi za watoto halisi. Ulifanya sawa. Lakini iko ndani ya laptop iliyofungwa, na wewe uko chini ya udongo, na mimi niko katikati yenu. Siku hiyo nilifunika kompyuta na sikuifungua kwa muda mrefu.

Juzi Ijumaa alasiri, Sista Nyaboke alinipigia. Yule muuguzi wa zahanati karibu na Magwagwa, aliyekuwa wa kwanza kuikubali programu yako. Hakunisalimia sana.

"Kwamboka, hii programu ya dada yako imenipea namba mbaya. Mtoto wa kilo mbili na nusu. Imenipea dozi ya kilo tatu."

Nikamuuliza kama alikuwa amempa.

"Hapana. Mimi hupiga kwa kalamu kwanza. Lakini si kila mtu hupiga kwa kalamu."

Zahanati nyingine tunazozijua ni tatu. Nilizipigia zote, niwaambie wasiitumie kwa watoto wachanga. Mbili walishika simu. Ya Kiogoro haikushika. Nikaandika onyo kwenye ukurasa wa programu, lakini ni nani huusoma ukurasa ule akiwa na mtoto anayelia mbele yake? Nikafungua kompyuta niirekebishe, na wakati huo jua lilikuwa linatua. Unajua nyumba hii ilivyo Ijumaa jua likitua: Sabato imeingia, hakuna kazi. Mama alikuja akasimama mlangoni na kitabu cha nyimbo. Nikafunga kompyuta. Niliimba pamoja naye na sikusikia neno hata moja nililoimba. Nilikuwa naona simu inayolia kwenye meza tupu Kiogoro.

Asubuhi Mama alikuwa amevaa tayari kwenda kanisani. Nikamwambia, kwa kifupi, kwamba kuna kosa kwenye kazi yako na linaweza kumdhuru mtoto. Alifunga kitambaa chake, akakifungua, akakifunga tena.

"Ng'ombe akianguka shimoni Sabato, tunamwangalia tu mpaka Jumapili?" akasema. "Enda. Mimi nitawaambia kanisani uko na kazi ya Mungu."

Nilipanda pikipiki mbili hadi Magwagwa na kompyuta kifuani chini ya koti. Sista Nyaboke alinipa benchi kwenye chumba cha chanjo. Nilipomweleza kuhusu faili iliyofungiwa, aliniangalia kana kwamba mimi ni mjinga. "Si tutengeneze watoto wengine?" Akatoa kitabu chake cha dozi na tukaanza kuwabuni. Mtoto wa kilo nne, wa kilo saba na robo, wa kumi na moja. Yeye anapiga hesabu kwa kalamu, mimi naingiza. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuzaliwa, na tuliwapa wote majina. Mmoja tulimwita Moraa.

Saa sita hivi nikaendesha majaribio. Yakapita. Moja baada ya jingine, alama za kijani tupu kwenye skrini, na sikuweza kufurahi, kwa sababu kosa tulilijua na hakuna jaribio lililolikamata. Ndipo nikaona mstari wa chini: moja limerukwa. Nikalifungua. Lilikuwa la mtoto wa chini ya kilo tatu. Ulikuwa umelizima kwa mkono wako, na juu yake umeandika maneno haya: "Hapa inapandisha uzito hadi kilo tatu. Sina uhakika. Nitamuuliza Sista."

Nilimwonyesha. Alisoma mara mbili, akavua miwani. "Hakuniuliza," akasema. Basi.

Tulilirekebisha. Nimelirudisha lile jaribio, na sasa programu haipandishi uzito wa mtoto yeyote. Aliye chini ya kilo tatu, inakataa kabisa kumpigia hesabu na inamwambia mhudumu amuulize daktari, mpaka tumpate daktari wa kutuhakikishia namba zake. Nikaendesha majaribio yote tena, yakapita yote, na hakuna lililorukwa. Nikatuma marekebisho mtandaoni. Kiogoro walishika simu saa tisa. Walikuwa wameacha kuitumia zamani, simu yao iliyokuwa na programu ilivunjika. Nilicheka mpaka nikalia, na Sista akaenda kunichemshia maji ya chai.

Hakuna mtoto aliyeumia, kwa kadiri tunavyojua. Hayo maneno ya mwisho siyapendi, lakini siwezi kuyaondoa.

Sasa nikuambie ukweli. Nilikukasirikia, Dada. Njia yote ya kurudi nilikuwa nimekukasirikia. Kwa sababu nakumbuka kifua kilichokuua kilipoanza kukuuma, nikakuambia uende ukapimwe, ukasema, "Nitaenda, acha nimalize hii wiki." Uliweka na hilo pembeni ukiwa na hakika utalirudia. Sikuwahi kukwambia uache kazi. Nilikuwa naogopa kukusumbua.

Kwenye ukurasa wa programu nilikaa muda mrefu kabla ya kuandika kilichotokea. Ningeweza kusema tu "marekebisho madogo." Watu wangeendelea kukusifu na mimi ningeendelea kuishi ndani ya sifa zako, kimya. Nimeandika kwamba kosa lilikuwepo tangu mwanzo, kwamba aliyeandika programu alilitilia shaka na hakuwahi kuuliza, na kwamba mimi nilikuwa na ruhusa ya kuliona miezi yote saba na sikuliona. Jina lako liko hapo. Na langu.

Mama bado hajui sehemu hiyo. Anajua kulikuwa na kosa. Hajui kwamba ulilijua. Sabato ijayo kanisani wakimuuliza, au Nyakundi akisikia kwa watu, ataumia zaidi. Kwa hiyo nitamwambia mimi, leo, tukienda kukama. Atanikasirikia, labda kwa siku nyingi, na mimi nitakuwa hapa hapa, hakuna pa kwenda. Nalijua hilo.

Lala salama, Moraa. Siwezi kuwa wewe, na nimechoka kujaribu. Lakini programu hii nitaishika, kwa jina langu, na nisilolijua nitauliza siku hiyohiyo, hata kama nitaonekana mjinga. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako.

Mama ameamka. Nasikia anatafuta viatu vya mvua.

Mdogo wako,
Kwamboka