Bati la Ofelia

Jumatatu, 3 Juni 2019

Tangazo limebandikwa langoni, pale pale walipokuwa wakisimama walinzi zamani. Hatimaye! Manispaa inatupa hati, kila mtu na chumba chake. Masharti: uwe umeishi humu kambini tangu gharika ya '59, na uthibitishe. Ama kwa karatasi ya wakati ule, ama kwa shahidi mmoja aliyekuwepo. Asiye navyo anahama mwisho wa Agosti.

Karatasi yetu baba aliiweka chini ya godoro, paa likavuja. Nakumbuka alivyoianika kwenye kamba, imekuwa uji, naye anacheka. Kwani tuliambiwa ni wiki tatu tu, mto ukishuka turudi nyumbani. Wiki tatu! Mwaka wa sitini huu nalala kwenye banda la farasi wa jeshi. Taulo langu natundika kwenye pete ya chuma waliyofungiwa.

Basi shahidi. Waliobaki wa '59, ukiniondoa mimi, ni wawili. Mzee Elbio. Na Ofelia.

Loo.

Jumanne, 4 Juni

Nimekwenda kwa Mzee Elbio, anakoishi, kwenye iliyokuwa stoo ya matandiko ya farasi. Kanipokea vizuri, kanivutia kigoda, kanimiminia yerba, chai yetu chungu ya majani. Ila ananiita Delmira. Delmira ni mama yangu, alifariki mwaka '88.

Nikamuuliza: Mzee, binti wa Delmira unamkumbuka?

"Zulma? Yule mtundu? Si yuko shule saa hizi! Akirudi mwambie apitie peremende yake."

Nilicheka mpaka nikafika uani, huko nikalia. Ananikumbuka kuliko mtu yeyote duniani, na hanijui. Karani gani ataandika hayo?

Jioni nimejaza fomu. Mahali pa shahidi nimeandika: Ofelia Burgueño, jirani. Bila kumwomba. Nimeipeleka mbiombio nisije nikajirudi.

Alhamisi, 6 Juni

Roho juu juu siku nzima. Ngoja niandike, labda itashuka.

Kati yangu na Ofelia kuna ukuta wa mbao. Haufiki paani — jeshi halikuona haja ya kuwafichia farasi siri. Tumekua tukisikiana kikohozi, ugomvi, sala, kila kitu. Sheria ya kambi ilikuwa moja: ulichokisikia juu ya ukuta hukukisikia. Hukitaji, hata kwa mwenyewe. Mama alinizaba kofi moja tu maishani, na lilikuwa la hilo.

Na siku za mvua kila nyumba ilikaanga torta, maandazi yetu ya bapa, sahani ya kwanza inapita juu ya ukuta. Unaona mikono tu. Mikono ya Ofelia naijua kuliko uso wake.

Halafu '97. Nibia, binti yake, miaka kumi na saba, analia upande wa pili: mama, nina mimba. Na ya nani — alimtaja, mume wa mtu. Nilisikia neno kwa neno. Kesho yake nilimwambia mtu mmoja dukani kwa mikate. Mmoja tu! Kama vile duka la mikate lina mtu mmoja. Wiki haikuisha Nibia akapanda basi la Buenos Aires. Amerudi mara mbili tu tangu hapo. Ofelia mjukuu wake anamwona kwenye picha.

Siku basi lilipoondoka Ofelia alipanda ngazi akapigilia bati juu ya ukuta, mpaka paani. Nilihesabu misumari kwa masikio. Hatujasemezana tena. Sikuwahi kuomba radhi. Mwanzoni nilijitia hamnazo, baadaye muda ukawa umepita mno. Ndivyo nilivyojiambia.

Leo nimejaribu kwa sauti, nikiliangalia birika: "Ofelia, nisamehe kwa yale ya Nibia." Ikasikika kama nimemkanyaga mguu kwenye foleni. Nikarudia mara tatu. Kila mara mbaya zaidi.

Ijumaa, 7 Juni

Nimekutana naye bombani!

"Maji yanamwagika," akasema.

Kweli, ndoo yangu ilikuwa imejaa kitambo na mimi namkodolea macho. Nikafunga bomba. Akajaza ndoo yake akaenda. Miaka ishirini na miwili, maneno mawili.

Mchana akapita binti wa manispaa, Yanina, mpole, sweta lake lina picha ya kasuku. Jumatano atamhoji kila shahidi chumbani kwake. Mpaka siku hiyo, kasema, mwombaji asizungumze na shahidi wake habari za hati. Wala asimpe kitu.

Nikaona nafuu. Nafuu! Mimi kumbe ni mtu wa namna gani?

Jumapili, 9 Juni

Mvua tangu alfajiri, inapiga zinki utadhani tunarushiwa kokoto. Nimekanda unga, nimekaanga torta kwa mafuta ya ng'ombe kama mama. Na upande wa pili nasikia mafuta ya Ofelia nayo yanachemka. Harufu ile ile. Bati haliwezi kuzuia harufu.

Nimepanda kiti na sahani mkononi. Nimesimama pua kwa pua na bati. Kupitia mlangoni ni hatua kumi, mvua ningelowa kidogo tu. Nikajiambia: itaonekana hongo. Nikajiuliza: au najificha nyuma ya hiyo hongo? Nikashuka.

Nimezila zote sita, na kiungulia juu. Nimelisemesha birika tena. Ofelia, mdomo uliniponza. Ofelia, sikudhamiria. Uongo — nilidhamiria kidogo, nilitaka nisikilizwe dukani siku ile.

Jumanne, 11 Juni

Kesho. Nimekunja nguo za kwenda Montevideo, kwa mpwa wangu, kwenye kochi lake. Nimezikunjua. Nimezikunja tena.

Jumatano, 12 Juni

Saa nne asubuhi. Yanina ameingia kwa Ofelia sasa hivi. Sitakiwi kusikiliza. Nitatoka vipi, nipitie wapi, mlango wangu uko ubavuni mwa wake! Naandika ninachosikia.

Anamuuliza jina, umri. Anamuuliza: mama, jirani yako Zulma unamfahamu tangu lini?

"Ya upande ule mimi sijui," anasema Ofelia. "Humu hatusikii."

Basi. Kwisha habari yangu. Na siwezi hata kumlaumu, anaishika sheria niliyoivunja mimi.

Yanina: hata kidogo mama? Kwa sababu ya hili bati?

"Bati? Bati linazuia sahani, mwanangu, halizuii maneno. Tangu Alhamisi huyo anaomba radhi kwa birika. Mara kumi na moja! Birika langu mimi limeshachoka kwa niaba ya lake."

Mungu wangu. Alikuwa anasikia. Miaka yote hii alikuwa anasikia.

Yanina anacheka, anauliza: niandike hilo?

"Usiandike kitu. Ngoja."

Kiti kinaburutwa. Anapanda, nasikia anavyohema, magoti yake ni mabovu kama yangu. Anagonga bati kwa kidole, mara tatu.

"Zulma! Usijifanye hupo. Huyu binti anataka nivunje sheria, niseme yaliyopita juu ya ukuta huu tangu ukiwa na miaka minne. Nitasema. Nayajua yote, mpaka nyimbo ulizomwimbia mama yako siku anakufa. Lakini anza wewe. Sema ulichokisema pale kwenye mikate. Kwa sauti, na usiniambie mimi, mimi nimekusikia wiki nzima. Nibia yuko kwenye simu. Nimeiinua hapa juu."

Nimesimama juu ya kiti. Daftari nimeliegemeza kwenye bati. Sentensi zangu zote zinaanza na Ofelia. Kumi na moja, na hakuna hata moja niliyoianza na jina la Nibia.

Simu inakwaruza. Mtu anapumua. Nyuma yake magari ya Buenos Aires.

"Shangazi Zulma? Upo?"

Nipo.

Hapana, hilo nimeliandika tu. Bado sijalisema. Kalamu naiweka chini, nitaanza na jina lake.